Maswali ya Wasomaji: Ruzuku ya Intaneti Vijijini Hulipwa Nani?

Toleo lililopita liligusa kwa kifupi ruzuku ambazo serikali hutoa ili intaneti ya kasi ifike vijijini, na barua zilizotufikia baadaye zimekuwa nyingi kuliko nafasi tuliyo nayo. Tumechagua zile zinazouliza mambo ambayo wengi wameyarudia. Majina ya walioandika hayatajwi, na barua ndefu zimefupishwa.

Ndugu Mhariri, mimi ni mwenyekiti wa kijiji katika Wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi. Kijiji chetu hakina mnara, na anayetaka kupiga simu hupanda kilima kilicho nyuma ya shule. Tumesikia kuwa serikali inatoa ruzuku ya kupeleka intaneti vijijini. Tumeshafungua akaunti benki, na kijana wetu mmoja msomi ametuandikia andiko la mradi. Tuombe ofisi gani, na kijiji kimoja kinaweza kupewa kiasi gani?

Ndugu Mwenyekiti, akaunti mliyofungua itawafaa kwa mambo mengine, lakini ruzuku hii haitaingia humo. Nchini Tanzania, fedha za kupeleka mawasiliano mahali ambapo kampuni haziendi zenyewe hupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, unaofahamika zaidi kwa kifupi chake UCSAF, ambao uliundwa kwa sheria ya mwaka 2006. Chanzo kimojawapo cha fedha zake ni sehemu ndogo ya mapato ambayo kampuni zenye leseni za mawasiliano hutozwa kila mwaka. Serikali na washirika wa maendeleo huongezea. Mfuko haujengi minara wenyewe wala haugawi fedha kwa vijiji. Huingia mkataba na kampuni ya simu, na kampuni hiyo ndiyo inayolipwa.

Utaratibu wenyewe unastahili kuelezwa, kwa sababu ukiuelewa utajua ni wapi sauti ya kijiji inasikika na ni wapi haisikiki. Kwanza hufanywa tathmini na kupatikana orodha ya kata ambazo hazina mawasiliano au zina huduma hafifu na ambazo, kwa lugha ya ofisini, hazina mvuto wa kibiashara. Orodha hiyo hutangazwa kwa zabuni. Kila kampuni hupiga hesabu ya gharama za kusimamisha mnara, kuuwekea umeme, kuuunganisha na mkongo, yaani nyaya kuu za mawasiliano, na kuuendesha, kisha hutoa humo mapato inayotarajia kuyapata kwa wakazi wa mahali hapo. Pengo linalobaki ndilo linaloombewa ruzuku, na kampuni iliyotimiza masharti ikaomba kiasi kidogo kuliko wenzake ndiyo inayoshinda. Chile ilianza kutumia njia hii miaka ya 1990 kwa simu za kulipia za vijijini, na huko yalipatikana maeneo ambayo kampuni ziliomba ruzuku ya sifuri, kwa maana kwamba biashara ilikuwepo siku zote ila hakuna aliyekuwa amejihangaisha kuitazama.

Mfano mkubwa wa hapa kwetu ni mikataba iliyosainiwa Dodoma tarehe 13 Mei 2023 mbele ya Rais Samia Suluhu Hassan. Ilihusu minara mipya 758 katika kata 713 zenye vijiji 1,407, pamoja na kuongeza uwezo wa minara 304 iliyokuwepo. Tigo, ambayo tangu Novemba 2024 inaitwa Yas, ilipata minara 262, Vodacom 190, Airtel 168, TTCL 104 na Halotel 34. Gharama yote ilikadiriwa kuwa takribani shilingi bilioni 265, na ruzuku ya serikali ilikuwa bilioni 126, yaani kampuni zilitakiwa kutoa zaidi ya nusu kutoka mifukoni mwao. Kazi hii inahusiana na Mradi wa Tanzania ya Kidijitali, ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia dola za Marekani milioni 150 mwaka 2021. Fedha hizo ni mkopo, jambo ambalo hotuba za uzinduzi huwa hazilitaji sana.

Sasa gawanya vijiji 1,407 kwa minara 758, utaona kwamba kila mnara umepangiwa takribani vijiji viwili. Hapo ndipo penye mtego. Orodha huenda kwa kata, na kata ikishapata mnara huonekana kwenye karatasi kuwa imehudumiwa, hata kama kijiji kilicho nyuma ya kilima hakipati kitu. Kwa hiyo barua yenu isiseme tu kwamba kata yenu haina mtandao. Ivitaje vitongoji kimoja kimoja, idadi ya kaya, shule na zahanati, siku ya mnada, umbali hadi mnara wa karibu na kampuni inayoumiliki, kilima mnachopanda, kama nguzo za umeme wa Wakala wa Nishati Vijijini (REA) zimefika, na kama barabara inapitika wakati wa masika. Andiko la kijana wenu ligeuzwe kuwa maelezo hayo, na kazi yake haitapotea. Barua ipitie kwa mtendaji wa kata hadi kwa mkurugenzi wa halmashauri, nakala ziende UCSAF na kwa mbunge wenu.

Msimdharau mbunge katika jambo hili. Anayefuatilia kipindi cha maswali bungeni anajua ni mara ngapi huulizwa ni lini serikali itapeleka mnara katika kata fulani. Maswali hayo huwachosha wasikilizaji wa mijini, lakini jibu la waziri huingia katika kumbukumbu rasmi, na kijiji kinaweza kulirejea mwaka unaofuata. Na akija mtu kuwachangisha fedha za kufuatilia mnara, mfukuzeni, kwa kuwa hakuna ada ya namna hiyo.

Mhariri, nafundisha sekondari katika Wilaya ya Kakonko, Kigoma. Mnara wetu uliojengwa kwa ruzuku uliwashwa, tukashangilia. Simu inaandika 4G, lakini ikifika saa mbili usiku hata ujumbe wa picha hauendi, na alfajiri mnara hupotea kabisa hadi jua lichomoze. Je, tuamini kwamba fedha za ruzuku zimeliwa?

Mwalimu, umefanya vizuri kutaja saa, kwa sababu saa hizo zinaonyesha kwamba una matatizo mawili yenye vyanzo tofauti.

Tuanze na usiku. Alama ya 4G kwenye simu hueleza namna simu yako inavyozungumza na mnara, na haisemi lolote kuhusu njia inayotoka mnarani kwenda kwenye Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ambao unasimamiwa na TTCL. Mnara wa kijijini mara nyingi haujafikiwa na mkongo huo. Huunganishwa kwa mawimbi ya maikrowevu yanayoruka kutoka kilele hadi kilele, na kila kituo cha njiani hubeba mzigo wake na wa wale walio nyuma yake. Kwa masafa yenye upana wa megahezi 10, upande mmoja wa mnara wa 4G wa kawaida unaweza kinadharia kutoa takribani megabiti 75 kwa sekunde. Watu mia moja wakitazama video kwa pamoja saa mbili usiku, kila mmoja hubaki na chini ya megabiti moja; na ikiwa kiungo kinachotoka mnarani ni chembamba kuliko hizo 75, basi hata hicho kidogo hakipatikani. Hii ndiyo sababu minara iliyopandishwa kutoka 2G huwavunja moyo watu. Kiungo chake kilipimwa kwa ajili ya sauti na ujumbe mfupi, na kuuongezea mnara vifaa vya 4G bila kukigusa ni kama kupanua stendi ya mabasi huku barabara ya kuingilia ikibaki njia ya baiskeli.

Alfajiri ni habari nyingine. Minara mingi ya vijijini haina umeme wa gridi, hivyo hutegemea sola na betri, na mingine huwa na jenereta ya dizeli ya akiba. Mnara unaozimika kabla ya jua kuchomoza na kurudi lichomozapo una betri zilizochoka, zilizoibiwa sehemu, au zilizopimwa kwa mzigo mdogo kuliko ulioko sasa. Tatizo hili hurekebishwa kwa gharama ndogo kuliko lile la kwanza, na ndilo ningeanza nalo katika malalamiko.

Kuhusu fedha kuliwa, maelezo yako hayanipi msingi wa kusema hivyo. Ruzuku za namna hii hulipwa kwa awamu, kufuatana na hatua za ujenzi zinazokaguliwa, na ukaguzi hufanyika mchana, jua likiwa utosini, wakati mnara wa sola unafanya kazi vizuri kuliko saa nyingine yoyote. Kinachonisumbua mimi ni mpangilio wenyewe. Katika nchi nyingi, si Tanzania tu, ruzuku ya mawasiliano hulipia kilichojengwa na hujali kidogo kama kitafanya kazi mwaka wa tatu, na kampuni iliyoomba fedha kidogo ili ishinde zabuni ndiyo yenye kishawishi kikubwa cha kununua betri chache. Ningependa kuona sehemu nono ya malipo ya mwisho ikizuiwa hadi mnara utimize mwaka mzima wa huduma iliyopimwa, usiku na mchana, badala ya siku ya kukata utepe.

Kwa sasa, wape wanafunzi wako kazi ya somo. Kwa wiki mbili waandike kila siku saa ambayo mnara umezimika na kuwaka, na wapime kasi asubuhi, mchana na usiku kwa laini ileile na mahali palepale. Peleka jedwali hilo kwa kampuni na uchukue namba ya kumbukumbu ya malalamiko. Usiporidhika, nenda Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), ambayo ndiyo msimamizi wa ubora wa huduma, ukiambatanisha namba hiyo na kupeleka nakala UCSAF. Lipo pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, ambalo watu wachache hulikumbuka. Toa tu katika hesabu siku ambazo nchi nzima ina shida, kama tarehe 12 Mei 2024 ilipotokea hitilafu kwenye nyaya za baharini za EASSy na Seacom, kwa kuwa siku hiyo hata aliyeko katikati ya Dar es Salaam alilalamika.

Kampuni inataka kusimamisha mnara wa ruzuku kwenye shamba langu, wilayani Mbozi. Ofisa wa kijiji anasema kodi ya pango la eneo ni ya kijiji kwa kuwa mradi ni wa serikali. Ni kweli?

Chanzo cha fedha za ujenzi hakibadilishi mwenye ardhi. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, ardhi ya pamoja ya kijiji haiwezi kugawiwa na halmashauri ya kijiji bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji, na kodi ya eneo kama hilo ni mapato ya kijiji. Shamba unalolimiliki wewe kwa haki ya kimila ni lako, na mkataba wa upangishaji unakuhusu wewe. Angalia ni nani hasa anayetia saini upande wa pili, kwa sababu minara mingi humilikiwa na kampuni za minara ambazo huipangisha kwa kampuni za simu. Dai mkataba ulioandikwa kwa Kiswahili, unaotaja muda, kiwango cha kodi na namna kitakavyopanda, njia ya gari kupita shambani, na nani atakayeondoa msingi wa zege mkataba ukiisha. Usishangae wakikukata asilimia 10 kabla ya kukulipa, kwani hiyo ni kodi ya zuio ya pango, na unayo haki ya kupewa cheti chake.

Dada Mhariri, nina duka Kilwa, nauza vocha na vinywaji. Mtandao tunao na unashika vizuri, ila watu wanaonunua bando kwangu ni wachache mno, wengi wana vitochi na wenye simu janja hununua bando la siku moja tu, la bei ya chini kabisa. Kwa nini serikali isiache kuzipa kampuni ruzuku, ikatupa sisi watumiaji?

Swali lako limewapita wataalamu wengi. Umoja wa kampuni za simu duniani, GSMA, ulipopiga hesabu za mwaka 2023 kwa Afrika iliyo kusini mwa Sahara, uliona kwamba watu waliokuwa wakitumia intaneti ya simu walikuwa asilimia 27 tu. Waliokuwa mahali pasipo na mtandao kabisa walikuwa takribani asilimia 13. Wote waliobaki, yaani asilimia 60, waliishi chini ya minara inayowaka bila kuutumia mtandao wenyewe. Minara bado inahitajika sana huko kwa mwenyekiti wetu wa Katavi, lakini kwa eneo hilo zima la Afrika kundi kubwa zaidi ni la majirani zako wa Kilwa.

Sababu zinajulikana: bei ya simu janja, bei ya bando, kutojua kusoma vizuri au kutojua cha kufanya mtandaoni, na upungufu wa mambo yanayomhusu mvuvi au mkulima kwa lugha yake. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote umegusa baadhi ya hayo kwa kupeleka kompyuta shuleni na kuwapa walimu mafunzo ya TEHAMA, na ni kazi ya maana ingawa haipigiwi tarumbeta kama minara.

Hata hivyo lipo jambo moja ambalo siwezi kulipita kimya. Huduma za mawasiliano Tanzania Bara zimekuwa zikitozwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 17 kwa miaka mingi, na juu yake kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya asilimia 18. Ukizipanga kodi hizo moja juu ya nyingine, katika kila shilingi 1,000 ambayo mteja wako anakupa kununulia bando, takribani 275 zinakwenda serikalini. Serikali hiyohiyo inatoa mabilioni kama ruzuku ili mnara ufike kijijini ambako, kwa maneno ya zabuni, hakuna mvuto wa kibiashara. Sehemu ya ukosefu wa mvuto huo imetengenezwa na kodi, kwa kuwa mteja angenunua bando zaidi kama lingekuwa rahisi, na kampuni ingehitaji ruzuku ndogo zaidi kulifikia eneo lake. Sisemi kodi zote zifutwe, maana zahanati na barabara pia hulipiwa na fedha hizo. Nasema hesabu hizo mbili zingefaa kufanywa katika chumba kimoja, na kwa kadiri ninavyoona hazifanywi hivyo.

Ruzuku inayomfikia mtumiaji moja kwa moja imejaribiwa mahali pengine, na barua inayofuata inatoka huko.

Bwana Mhariri, sisi ni familia ya Wakongo, tunaishi nje ya mji mdogo katika jimbo la Iowa, Marekani. Zamani bili yetu ya intaneti ilipunguzwa dola 30 kila mwezi, kisha punguzo likasimama. Watoto wanasoma na kufanya kazi za shule mtandaoni. Nimesikia kuna dola bilioni 42 kwa ajili ya intaneti ya vijijini. Je, naweza kuomba, na niombe kwa Kiswahili au kwa Kiingereza?

Ndugu msomaji, hizo ni fedha mbili tofauti, na kwa bahati mbaya ile iliyokuwa inakuja mfukoni mwako ndiyo iliyokwisha. Punguzo la dola 30 lilitoka katika mpango uliojulikana kama ACP. Bunge la nchi hiyo halikuuongezea fedha, na tarehe 1 Juni 2024 ulifungwa, ukiziacha kaya milioni kadhaa zikilipa bili nzima. Uliobaki ni mpango mkongwe wa Lifeline, ulioanza mwaka 1985 kwa ajili ya simu. Huo hutoa punguzo la hadi dola 9.25 kwa mwezi kwa kaya zenye kipato kidogo au zinazopokea misaada fulani ya serikali, ikiwemo ile ya chakula na ya matibabu. Mkiwa mnapokea mojawapo, ombeni. Shirika la jamii lililowapokea, au maktaba ya mji wenu, huweza kukusaidia kujaza fomu hata kama Kiingereza chako bado hakijakaa sawa.

Zile dola bilioni 42.45 ni za mpango uitwao BEAD, uliotokana na sheria ya miundombinu ambayo Rais Joe Biden aliitia saini tarehe 15 Novemba 2021. Fedha hugawiwa majimbo, nayo majimbo huzigawa kwa kampuni na vyama vya ushirika vitakavyojenga, kwa hiyo mtu binafsi haombi. Kinachotofautisha mpango huo na wa kwetu Afrika Mashariki ni ukubwa wa kipimo. Kule, mahali pasipopata angalau megabiti 25 kwa sekunde za kupakua na 3 za kupakia huhesabiwa kuwa hapana huduma, na hesabu hufanywa kwa nyumba moja moja kwenye ramani ya Tume ya Mawasiliano, FCC. Hapo ndipo unapoweza kuingia. Ramani hiyo iko wazi kwa kila mtu. Weka anwani yenu, na kama inadai mnahudumiwa na kampuni ambayo ikipigiwa simu husema haifiki kwenu, wasilisha pingamizi palepale. Pingamizi hizo zimekwisha kubadilisha ramani mara nyingi.

Usitarajie mafundi wiki ijayo. Sheria ilipita mwaka 2021, mgawo wa kila jimbo ukatangazwa Juni 2023, na Juni 2025 serikali mpya ikabadilisha masharti, ikaondoa upendeleo uliokuwa umewekwa kwa nyaya za faiba na kuyataka majimbo yaitishe zabuni upya ili setilaiti na mitambo isiyotumia waya ishindane sawa. Kuna wanaosifu mabadiliko hayo kwa kuokoa fedha, na kuna wanaoyalaumu kwa kuwa setilaiti ya bei nafuu leo haina umri wa waya uliofukiwa ardhini. Mimi naelekea upande wa pili, lakini kwa nyumba iliyo peke yake kilomita nyingi kutoka barabarani sioni aibu ya setilaiti. Wamarekani wenyewe walishaonja ubaya wa kumtazama mshindani kwa bei tu. Katika mnada wa ruzuku ya vijijini uliofungwa mwishoni mwa 2020, zilitajwa dola bilioni 9.2 kwa miaka kumi, na Agosti 2022 FCC ikayakataa maombi ya washindi wawili wakubwa, LTD Broadband na Starlink, kampuni ya intaneti ya setilaiti, ikisema hawakuonyesha kwamba wangetimiza walichoahidi. Maeneo waliyokuwa wameshinda yalikuwa yamesubiri muda wote huo.

Salamu Mhariri. Sisi ni kikundi cha vijana Marsabit, Kenya. Tumejifunza kufunga antena na tunataka kuanzisha mtandao wetu wa kijiji wenye bei nafuu. Tunaweza kupata ruzuku ya serikali, au ni ya kampuni kubwa pekee?

Salamu zenu zimefika. Kenya ina Mfuko wa Huduma kwa Wote, uliowekwa katika sheria ya mawasiliano ya mwaka 1998 kwa marekebisho ya mwaka 2009, na unaosimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano. Kampuni zenye leseni huuchangia, na miradi yake imehusu minara ya simu katika kata ndogo zisizo na huduma pamoja na kuunganisha shule za sekondari zinazokaribia 900. Fedha hutolewa kwa zabuni kwa wenye leseni, kwa hiyo kikundi kisicho na leseni hakimo kabisa kwenye mashindano.

Habari njema ni kwamba tangu mwaka 2021 Mamlaka ina utaratibu maalumu wa leseni kwa mitandao ya jamii, wenye masharti mepesi kuliko ya kampuni za kibiashara. Anzeni na hiyo. Jisajilini kwanza kama chama kisicho cha faida, kwa sababu leseni hutolewa kwa chombo na haitolewi kwa watu waliokusanyika tu. Leseni mkononi haiwahakikishii ruzuku, lakini huwafanya mstahili kuzungumza na serikali ya kaunti, na wafadhili wa mitandao ya jamii huiulizia kabla ya jambo lingine lolote. Ng'ambo ya mpaka, Kondoa katika Mkoa wa Dodoma, ulianzishwa mtandao wa jamii uliotumia masafa ya televisheni yasiyotumika, kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Dodoma na shirika la Internet Society. Inafaa kuwauliza walivyoyapata masafa hayo, kwani hilo ndilo huwa gumu zaidi kuliko antena.

Swali ambalo hamkuliuliza, na ambalo limewaangusha wengi, ni mtainunua wapi intaneti ya jumla. Antena zenu zitagawa tu kile mlichokinunua. Nyaya za faiba za serikali, ziitwazo NOFBI, zimefika makao makuu ya kaunti, na serikali ya sasa imetangaza mpango wa kuongeza kilomita 100,000 za faiba na vituo 25,000 vya Wi-Fi ya umma nchini kote, hivyo ulizeni katika ofisi ya TEHAMA ya kaunti nyaya hizo zimefika wapi na kama kuna jengo la umma lililo karibu nanyi lililounganishwa. Starlink inafanya kazi Kenya tangu Julai 2023 na watu wa kaskazini wameipokea kwa furaha, lakini kifurushi cha nyumbani hakikuwekwa ili kiuzwe tena kwa majirani. Someni masharti yake na mpate idhini ya Mamlaka kabla ya kumtoza mtu wa kwanza. Bei ya jumla mkishaipata kwa maandishi, gawanyeni kwa idadi ya kaya ambazo kwa hakika zitalipa kila mwezi, si zile zilizonyoosha mikono barazani. Hesabu ikikubali kwa kaya hizo chache, ndipo mnunue antena.